Baba na Binti Safarini kwa Baiskeli

Mwalimu, tafadhali angalia kwamba kila mwanafunzi ana kalamu na daftari, maana leo tutasoma na kufanya hesabu pia.

Somo letu ni juu ya safari. Si safari ya biashara, wala si safari ya kwenda kuamkia jamaa. Ni safari ndefu ya baiskeli, ambayo watu huifanya ili kupata fedha za kuwasaidia wengine. Mara nyingi mtu haendi peke yake. Huenda na mtu wa nyumbani kwake: baba na mwanawe, kaka na dada, au mume na mke.

Utauliza, "Mtu akipanda baiskeli, fedha hutoka wapi?" Swali zuri. Tulifuate polepole.

Kwanza tuitazame njia. Nchini Uingereza kuna mahali paitwapo Land's End, upande wa kusini-magharibi, ambapo nchi kavu hukomea baharini. Kuna na mahali pengine paitwapo John o' Groats, mbali sana upande wa kaskazini, katika Uskoti. Kwa barabara, kutoka pale mpaka hapa ni maili 874, yaani kilomita 1,400 na kidogo. Ukitaka kuujua urefu huo, fikiri barabara ya Nairobi na Mombasa. Nenda Mombasa, rudi Nairobi, kisha nenda Mombasa tena. Ni karibu sawa.

Watu wengi huipita njia hiyo kwa baiskeli. Kwa kawaida hutumia siku 10 mpaka 14. Wengi huanzia kusini, kwa sababu upepo wa nchi ile mara nyingi hutoka kusini-magharibi, nao huwasukuma mgongoni.

Sasa tuseme yuko baba wa miaka 58, na binti yake wa miaka 25. Watu hawa ni wa mfano tu. Mama wa nyumba hiyo alikufa kwa saratani. Wiki zake za mwisho alitunzwa katika nyumba iitwayo hospisi. Kazi ya hospisi si kuponya. Kazi yake ni kutuliza maumivu, kumwosha mgonjwa, kumsikiliza, na kuwashika mkono jamaa zake. Hospisi maarufu ya St Christopher's ilifunguliwa London mwaka 1967 na daktari mwanamke, Cicely Saunders. Kazi hiyo ikafika kwetu pia: Nairobi mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Huko Uingereza mgonjwa wa hospisi halipi kitu. Lakini serikali hutoa sehemu tu ya gharama. Fedha nyingi hutoka kwa watu wenye moyo wa kutoa. Ndiyo maana baba na binti wanataka kusafiri. Wanataka kurudisha shukrani.

Basi, wanachukua karatasi na kupiga safu tatu: jina, mahali mtu anapokaa, na kiasi anachoahidi. Siku hizi wengi hufanya hivyo kwa intaneti, lakini safu ni zile zile. Wanakwenda kwa majirani na kwa wenzao wa kazini. Wanasema, "Tunakwenda kwa baiskeli mpaka mwisho wa nchi. Je, utaitolea hospisi chochote?" Huyu anaandika pauni 5, yule pauni 15. Haba na haba hujaza kibaba. Tena kuna sheria nzuri huko. Mtu anayelipa kodi akitoa pauni 1, chama cha msaada kinaweza kuiomba serikali iongeze peni 25.

Haya, shikeni kalamu. Tuseme watu 120 wametoa pauni 10 kila mmoja. Jumla ni pauni 1,200. Ikiwa wote ni walipa kodi, serikali itaongeza pauni 300. Hospisi itapata pauni 1,500.

Lakini safari yenyewe ina gharama: chakula, mahali pa kulala, na nauli ya treni ya kurudi. Tuseme ni pauni 50 kwa siku kwa watu wawili. Kwa siku 14 ni pauni 700. Je, pauni 700 hizi zitoke wapi?

Hapa ndipo penye jambo zito. Wakizitoa katika zile pauni 1,200, zitabaki 500. Jirani aliyetoa pauni 10 anadhani hospisi imepata 10, kumbe imepata 4 na kidogo. Hakuna aliyeiba, lakini uaminifu umeharibika. Jirani akijua, mwaka ujao hatatoa tena, na atakayeumia ni mgonjwa kitandani. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: fedha za msaada zisiguswe. Gharama za safari zitoke mfukoni mwa msafiri. Na mwisho wa safari kila aliyetoa apewe hesabu kwa maandishi.

Labda mmoja wenu anasema, "Mbona wasitoe zile pauni 700 wakakaa nyumbani?" Mwenye kuuliza hivyo hakosei. Kama wangepata watu 30 tu wa kutoa pauni 10, ingekuwa afadhali wakae na kutoa nauli yao. Safari ina maana ikiwa italeta zaidi ya kile inachokula. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Sasa tuingie barabarani. Kilomita 1,400 kwa siku 14 ni kilomita 100 kila siku. Ukienda kilomita 16 kwa saa, utakaa juu ya baiskeli saa 6 na robo. Si kazi ya mchezo. Baba na binti wafanye mapatano matatu.

La kwanza ni mwendo. Mwendo uwe wa yule aliye dhaifu. Binti ana nguvu, lakini akikimbia mbele, baba atajilazimisha kumfuata na kuumia. Njia ya Cornwall na Devon ina vilima vifupi vikali, nayo ni ya siku za kwanza, kabla mwili haujazoea. Basi, kwenye mlima baba atangulie, apime mwendo wake mwenyewe. Kwenye upepo wa mbele binti atangulie, kwa maana wa mbele hukata upepo, na wa nyuma hupumzika.

La pili ni chakula na maji. Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Ukingoja mpaka miguu itetemeke, umechelewa.

La tatu ni neno la kusimama. Yeyote akisema, "Tusimame," wasimame, bila mabishano. Je, goti la baba likikataa kabisa siku ya sita? Waache safari, na wawaambie watoaji ukweli. Anayehitaji fedha ni mgonjwa, si kilomita. Watu huwaheshimu wanaosema kweli kuliko wanaoficha.

Wabebe pampu, tyubu ya akiba, viraka na gundi yake, spana, na taa. Na kila asubuhi waangalie breki na cheni. Wakati wanajaza upepo, wakumbuke kisa hiki. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa mpira wa upepo. Aliutengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kumbe hata mpira tunaopanda ulitokana na baba aliyemfikiria mtoto wake.

Iko faida nyingine isiyoandikwa katika safu tatu. Baba na binti waliofiwa huweza kukaa nyumba moja mwaka mzima bila kulitaja jina la marehemu. Barabarani wako wawili tu, siku 14. Wanakula pamoja, wanaziba tyubu pamoja, wananyeshewa pamoja. Ni vigumu kunyamaza muda wote huo. Maneno yaliyokwama nyumbani huweza kupata njia.

Sasa, mwalimu, wape wanafunzi maswali haya:

1. Kwa nini wasafiri wengi huanzia kusini?
2. Watu 80 wametoa pauni 5 kila mmoja. Jumla ni ngapi?
3. Kwa nini gharama za safari zisitolewe katika fedha za msaada?
4. Nani atangulie mlimani, na kwa nini?
5. Kijijini kwenu mkitaka kuchanga kwa ajili ya zahanati, nani atashika daftari, nani atashika fedha, na nani atakagua? Zungumzeni.

Swali la tano lisiharakishwe. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.