Deni Lisilolala: Mawazo na Kipato Kidogo Tunduma

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wageni wafadhili, kwenye semina iliyofanyika Tunduma)

Tumepangiwa kusema baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo tutajitahidi msisinzie.

Tumeombwa tueleze jinsi hali ngumu ya maisha inavyogusa afya ya akili ya watu wa kipato cha chini. Kwetu jambo hili lina jina la kawaida tu: mawazo. Tunasema "yule ana mawazo," kisha tunaendelea na safari. Daktari angesema ni sonona au ni wasiwasi uliopitiliza, lakini mtu wetu anaeleza kwa namna nyingine. Halali usiku, moyo unakwenda mbio, chakula hakimpiti kooni, anawafokea watoto bila sababu. Anakwenda kupima malaria, anaambiwa hana, anarudi nyumbani na mawazo yake.

Mji huu unakula kwa siku. Kijana anayepakua magunia, mama anayewapikia madereva walioko kwenye foleni ya malori, anayebadilisha kwacha, anayesukuma mkokoteni kuelekea Nakonde, wote hesabu yao huanza asubuhi na kufungwa jioni. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona, wako waliokosa hata unga siku ya pili yake. Huko Mbozi mambo ni kinyume: mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu, halafu anangoja miezi mingi huku mahitaji ya watoto hayangoji. Huyu wa siku na yule wa msimu hukutana mahali pamoja, kwenye mkopo.

Nyote mnaijua mikopo ya kausha damu. Jina hilo hawakulitunga wataalamu, lilitungwa na waliokaushwa. Unapewa fedha leo bila maswali mengi, marejesho yanaanza mara moja, na ukichelewa wanabeba godoro, televisheni au mtungi wa gesi. Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa namna hii. Lakini anayekopa saa kumi na mbili asubuhi ili apate mtaji wa vitumbua haulizi leseni. Siku hizi ipo pia mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa simu huchukua namba zote ulizohifadhi, na ukichelewa wanawatumia ujumbe watu wako. Mtu anadaiwa elfu hamsini, na habari zinamfikia mama mkwe, bosi na mchungaji kabla ya jua kuzama. Kwa watu wetu aibu hiyo huumiza kuliko deni lenyewe.

Mwaka 2020 jarida la kisayansi liitwalo Science lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi, nao ulionyesha kwamba ndani ya jamii moja watu wenye kipato cha chini kabisa hupata sonona au wasiwasi mara moja na nusu hadi mara tatu zaidi ya matajiri. Tena mambo haya husukumana: umaskini unaleta mawazo, na mwenye mawazo hushindwa kufanya kazi, akazidi kuzama.

Sasa tuseme lililo letu. Katika taarifa zetu kwenu wafadhili tumekuwa tukiandika kwa fahari kwamba vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinarejesha fedha yote kwa wakati. Ilikuwa kweli. Siku moja tulikwenda kwa mama mmoja, mwanachama wa mfano, tukitaka picha ya kuweka kwenye taarifa. Tulimkuta amekaa gizani mchana. Marejesho ya kikundi chetu yalikuwa Alhamisi, na kila Jumatano alikopa kausha damu ili asituangushe. Kwaya alishaiacha. Mumewe hakujua lolote. Alituambia kuna usiku aliona ni heri asiamke. Ametupa ruhusa kuyasema haya bila jina lake, na tunamshukuru Mungu kwamba yuko nasi. Picha hatukupiga.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu. Wenye kipato cha msimu wanarejesha kwa msimu. Faini ya kuchelewa tumeiondoa. Anayechelewa anatembelewa na wanachama wawili, wa kwanza kumuuliza habari zake wala si kumdai. Wageni wetu, safari hii mtaona marejesho yamepungua kwenye taarifa. Tunaomba msiyasome kama uzembe wa ofisi.

Nanyi kamati za sharika, mtusamehe, lakini tabia ya kusoma ibadani majina ya ambao hawajamaliza ahadi tuiache. Tunajua jengo halijaezekwa. Lakini yule anayekimbiwa na usingizi kwa ajili ya mdai wa mtaani, tukimtaja mbele ya watu, Jumapili ijayo hatumwoni, na hatutajua yuko katika hali gani.

Zimbabwe wametutangulia. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 huko Mbare, Harare, waliofundishwa kukaa kwenye benchi na mtu mwenye mawazo, kumsikiliza, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 katika kila 100, na waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Hao bibi hawakuwa madaktari. Na sisi tusijifanye madaktari: anayesema hataki kuishi asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tunataka kujaribu benchi kama hilo hapa Tunduma. Mbao tunazo, na fundi amejitolea. Kinachokosekana ni wanawake watu wazima wanaojua kusikiliza na kutunza siri. Kila usharika utupatie majina mawili, myaache kwa mwinjilisti kabla gari la Vwawa halijaondoka.