Nauli ya Kumwokoa Mtoto Inatoka Mfuko wa Nani?

Vijana wenzangu wa Busia mjini, wa Malaba, na nyinyi mliopanda boda kutoka huku ndani Khunyangu, karibuni. Sitawaweka sana.

Niwaulize kuhusu saa 72. Mtoto akinajisiwa, dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa hizo, na mapema ndiyo bora. Haya, piga hesabu na mimi. Ni usiku, mama yuko kijijini, boda mpaka hospitali ni pesa na hana. Aliyefanya hicho kitendo ni jirani, wazee wameshaanza kuongea habari ya kulipwa mbuzi mambo yaishe nyumbani. Nani anatoa nauli? Shirika lenye gari jeupe ofisi yake iko Kisumu au Nairobi. Anayetoa ni mama wa kikundi, anafungua leso, anatoa pesa aliyokuwa ameweka ya unga.

Mimi nasema hiyo pesa ya unga ndiyo bajeti ya ulinzi wa watoto katika vijiji vingi vya huku. Na hapo tunaongea mtoto akiwa ameshaumizwa. Kuzuia je, kabla hajaguswa? Nani analipia hiyo?

Nyinyi mnaijua mpaka kuliko mimi. Malori yakipanga foleni pale Malaba, kuna watoto wanatembeza ndizi na karanga katikati ya matreila mpaka giza. Kuna wanaobebeshwa magunia njia za panya kwa sababu mtoto hasimamishwi kama mtu mzima. Kuna msichana ameahidiwa kazi ya nyumba upande wa pili na hakuna anayejua ni kwa nani. Anayeona mambo haya mapema ni mwenye kibanda, ni kijana wa boda, ni ustadhi anayegundua wiki ya pili mtoto hajaja chuoni. Afisa wa watoto ni mmoja na eneo ni kubwa, atajua akiambiwa.

Tena kuzuia kunawezekana, msiseme ni ndoto. Serikali ilifanya utafiti wa nchi nzima mara mbili, 2010 na 2019, ikiwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Mwaka 2010, wasichana kama 32 kati ya 100 walisema walidhulumiwa kingono kabla ya miaka 18. Mwaka 2019 walikuwa kama 16. Wavulana walishuka kutoka 18 hadi 6 hivi. Lakini utafiti huo huo wa 2019, ukijumlisha kupigwa na mateso ya moyo, karibu nusu ya wasichana walipitia dhuluma, na wavulana zaidi ya nusu. Viboko vimepigwa marufuku shuleni na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Bado vipo, na madrasa zetu pia tuziangalie, tusijifiche nyuma ya heshima ya mwalimu.

Sasa pesa. Pesa ya mfadhili huteremka kama maji kwenye mfereji unaovuja: ofisi ya nje, ofisi ya Nairobi, ofisi ya kaunti, na ikifika kijijini imebaki fulana, soda na nauli ya semina. Mradi ni mwaka mmoja au mitatu, ukiisha kila mtu anaenda zake na yule mama anabaki na leso yake. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na kufika Julai USAID ikafungwa. Mkishikilia mfuko wa mtu wa mbali, akili yake ikibadilika mnaanguka pamoja naye.

Najua kuna mtu amekaa hapo anasema: mkipewa pesa mtakula. Ni kweli vikundi vingine hula. Hata ofisi kubwa hula, tofauti ni kwamba zina risiti nzuri. Dawa ni kiasi kidogo, watia sahihi watatu, na taarifa ya M-Pesa kusomwa mbele ya wanachama kila mwezi. Anayeogopa kusomwa asiwe mweka hazina.

Serikali yenyewe imeonyesha inaweza kulipa mtu wa kijijini. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Kwa nini anayelinda watoto kwa kujitolea asipate hata nauli na kredo ya simu?

Mtaambiwa watoto ni kazi ya serikali kuu. Jibuni kwamba hospitali ni za kaunti, ikiwemo hii ya Khunyangu, na chekechea ni za kaunti. Nauli ya dharura ya mtoto kufika hospitali inaingia bajeti ya afya bila kuvunja sheria yoyote. Lakini nendeni kwa wakati. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni kabla ya Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha kabla ya Februari 28, makadirio kabla ya Aprili 30. Sisi tunazoea kwenda Juni kupiga kelele, wakati sahani zinaoshwa.

Na msiende mikono mitupu. Watu kumi wanatosha kusajili kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya 2022. Bila cheti na akaunti ya benki, hata mfadhili mwenye nia njema atawapita. Sadaka zetu zinaweza kuanzisha mfuko wa nauli kesho, lakini kaunti isipumzike kwa sababu sisi tumechanga.

Jambo moja kikundi kisifanye: kisiwe mahakama. Kesi ya unajisi haimalizwi kwa mbuzi. Pigeni 116, ni bure, mwiteni afisa wa watoto. Fomu ya P3 nayo ni bure, mtu asiwauzie.

Wanaojua kuandika kumbukumbu za mkutano wabaki mbele hapa. Tunahitaji majina kumi na nakala za vitambulisho, na nani atashika kitabu.