Neno linapopita kwa telefone, nani atakayelijibu?



Mwaka 1993, vita vilipotoka soko la Ntoto huko Walikale vikaingia Masisi, habari zilitembea kwa miguu. Siku hizi picha ya maiti, pengine ya inchi nyingine kabisa, inafika kambini mbele ya jua kuchwa, na chini yake wameandika: «Kabila fulani ndilo limetenda.» Usiku uleule vijana wanatafuta mapanga.

Aliyeandika ana sheria yake. Amri-sheria nambari 66-342 ya 7 Juni 1966 inaadhibu ukabila, na ile ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 inamfuata hata kwenye telefone. Lakini mwenye mtambo, je?

Mnaikumbuka redio RTLM ya Rwanda. Mahakama ya Arusha ilimhukumu Ferdinand Nahimana, na rufani ya 2007 ikamwachia miaka 30. Kosa lililobaki halikuwa maneno ya kinywa chake. Watangazaji wa 1994 walikuwa chini yake, alikuwa na uwezo wa kuwazuia, hakuwazuia.

Swali hilo sasa limefika Nairobi. Desemba 2022, mtoto wa Profesa Meareg Amare, Mwethiopia aliyeuawa Novemba 2021, alishitaki kampuni ya Meta pamoja na wenzake. Anasema Facebook ilibeba picha ya baba yake na maneno ya kumchongea, akaomba yaondolewe, yakachelewa. Tena kwamba mtambo wenyewe huyasukuma mbele ya watu, kwa kuwa chuki huvuta macho. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilikubali kwamba inaweza kusikiliza shauri. Hapo haikusema nani ana kosa.

WhatsApp ni jambo lingine: ujumbe umefungwa, kampuni haiusomi. Ufunguo uko kwa mwenye kundi, maana anaweza kufuta ujumbe na kumtoa mtu. Kwa maoni yetu, mzee wa kambi mwenye kundi la watu mia mbili amekwisha kuwa mkurugenzi wa redio, apende asipende.

Basi mbele ya kufuta, apige picha ya ujumbe, pamoja na namba na saa, aiweke kwa ajili ya parke, asiitume kundi lingine. Kisha ampigie simu mtu aliye katika kijiji kilichotajwa, amuulize: huko kuko namna gani?