Mazungumzo Baada ya Habari: Mlinzi Kutoka Kinshasa



Tarehe 30 Septemba, 2024, alifariki dunia mjini Atlanta, nchini Marekani, kwa saratani ya ubongo, mwana wa nchi jirani ya Kongo, Dikembe Mutombo. Alikuwa na umri wa miaka 58. Magazeti mengi yalimkumbuka kwa kimo chake cha sentimita 218, na kwa kidole cha shahada alichokuwa akikitikisa kila alipomnyima mpinzani goli. Lakini ninyi wapiganaji wa majeshi yetu na askari polisi, mnaotusikiliza mkiwa makambini na vituoni, mtapenda zaidi kusikia habari za kazi yake yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ulinzi.

Mutombo alizaliwa mwaka 1966 katika mji uliokuwa ukiitwa Leopoldville, ambao ndio Kinshasa. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, kwa msaada wa masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Mwalimu wa michezo wa chuo hicho, John Thompson, hakuweza kumwacha kijana wa kimo kile apite hivi hivi, akamwingiza katika timu ya mpira wa kikapu. Udaktari ukawekwa kando. Hata hivyo masomo hakuyaacha: alihitimu mwaka 1991 katika fani za lugha na diplomasia, na mwaka huo huo akachukuliwa na timu ya Denver katika ligi ya wachezaji wa kulipwa, NBA.

Mchezo huu, kama ulivyo mpira wa miguu, huwatukuza wafungaji. Mutombo hakuwa mfungaji. Katika misimu yake 18 wastani wake haukufika pointi 10 kwa mchezo. Yeye alisimama chini ya kikapu na kuzuia. Asiyeujua mchezo huenda akadhani kwamba kwa mtu mrefu jambo hilo ni jepesi. Sivyo. Sheria humruhusu mlinzi kuugusa mpira uliorushwa ungali unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni, akiugusa, goli huhesabiwa. Akiruka mapema hudanganywa, akichelewa huadhibiwa. Mutombo alizuia mara 3,289, na katika historia ya ligi hiyo aliyemzidi ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon, naye pia ni Mwafrika, mzaliwa wa Nigeria. Mara nne alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka.

Mwaka 1994 timu ya Denver, iliyoingia mashindano ya mtoano ikiwa ya mwisho katika kundi lake, ilipambana na Seattle iliyokuwa ya kwanza. Denver ilishindwa michezo miwili ya mwanzo. Kisha ikashinda mitatu mfululizo, na katika michezo hiyo mitano Mutombo alizuia mara 31. Mchezo wa mwisho ulipomalizika alilala chali sakafuni, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, akicheka.

Kuhusu kile kidole, mimi binafsi nilikuwa nikiona kwamba kinavuka mpaka wa adabu. Wenye ligi nao waliona hivyo, wakaanza kumwadhibu anayemtikisia mpinzani usoni. Mutombo hakugombana na waamuzi: alianza kuwatikisia watazamaji, jambo ambalo halikukatazwa.

Ubingwa hakuupata. Alifika fainali mwaka 2001 akiwa na Philadelphia, na mwaka 2003 akiwa na New Jersey, akashindwa mara zote mbili. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 42, aliumia goti akiichezea Houston, na huo ukawa mwisho.

Kwao hakukusahau. Timu ya wanawake ya Zaire ilipokwenda Atlanta katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1996, yeye ndiye aliyelipia sare na gharama zao. Lakini lililo kubwa zaidi lilitokana na msiba. Nchi ikiwa katika machafuko, mama yake, Biamba Marie, aliugua ghafula nyumbani Kinshasa. Njia hazikupitika. Hakufikishwa hospitali, akafa.

Wengi wenu mmewahi kusimama usiku penye kizuizi cha barabarani. Mnajua kuwa njia haifungwi bila sababu, na pengine ni sababu ya haki kabisa. Mnajua pia kuwa ndani ya gari linaloamriwa kurudi huenda amelazwa mama wa mtu, na kwamba anayeweza kuinama dirishani akatazama ni yule askari aliyepo pale, wala si aliyetoa amri.

Mtoto wa mama huyo alikuwa na fedha, naye angeweza kumjengea kaburi la marumaru. Alijenga hospitali. Iligharimu dola za Kimarekani milioni 29, zaidi ya milioni 15 zikitoka mfukoni mwake, ikafunguliwa mwaka 2007 ikiwa na vitanda 300 na jina la Biamba Marie Mutombo. Haikuwekwa katikati ya mji, kwenye majumba ya wakubwa, bali Masina, mtaa wenye watu wengi upande wa barabara iendayo uwanja wa ndege wa Ndjili.