Ile meza ya kwenye picha

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni wetu, hapa Kamina



Komite ilituomba tuseme juu ya chakula. Walituambia hivi: "Museme kintu kimoja chepesi, bantu bacheke kidogo. Mubaeleze namna banakulaka mu ma-restora kule Hispania." Tukakubali. Lakini tulipokaa kutayarisha, tuliona neno hili si jepesi, maana wengi wetu tuliondoka Kamina kwa sababu ya meza moja ya restora tuliyoiona mu telefone.

Munaijua ile picha. Kijana wa kartie yetu ameketi inje, chini ya mwavuli, na bahari iko nyuma yake. Mbele yake kuna glasi ya bia, mukate, zeituni, na sahani ya kamba wa bahari, wale tunaoita kosa-kosa. Hakuandika maneno mengi. Sisi tuliokuwa hapa karibu na gare, tukingojea treni isiyojulikana itafika siku gani, tulifanya hesabu wenyewe: kama mutu anakula hivi siku ya kawaida, siku ya Noeli anakula nini?

Leo tunataka kulipa deni la ile picha. Tutawaeleza ile meza yote: nani anaiketi, saa ngapi, kwa bei gani. Tutasema mabaya yake na mazuri yake pia, kwa sababu mazuri yapo, na mengine tunaweza kuyafanya hapa kwetu.

Tuanze na saa. Wengi wetu tulifanya kazi mu provinsi ya Almería, ndani ya nyumba za plastiki ambamo wanalima tomati, matango na pilipili kubwa zisizowasha. Mashamba hayo ya plastiki yanapita hektari 30.000. Kule kusini watu hawali saa tunazokula sisi. Asubuhi katikati ya kazi wanaingia baa, wanaomba kahawa na tostada, ndiyo mukate wa kuchoma wenye tomati iliyosagwa na mafuta ya zeituni. Chakula kikubwa ni kuanzia saa nane ya muchana, kwa saa ya biro 14 h, mpaka saa kumi. Kisha jikoni panafungwa. Chakula cha usiku kinaanza karibu saa tatu. Mara ya kwanza tulipopata pesa kidogo tulienda kutafuta chakula saa kumi na mbili ya jioni, tukiwa na njaa ya kweli. Restora ya kwanza ilisema jikoni pamefungwa. Ya pili hivyo hivyo. Tulirudi tukiwa na hasira, tukasema wametukataa kwa sababu ya ngozi. Siku ile hatukukataliwa. Tulikosa saa tu. Lakini siku nyingine tulikataliwa kweli, na hayo tutayasema mbele.

Sasa bei. Muchana, kwenye mulango wa restora nyingi, kuna ubao ulioandikwa kwa choki: menú del día, maana yake menyu ya siku. Katika miaka ya 1960 serikali ya Franco, Manuel Fraga akiwa waziri wa utalii, iliwaamuru wenye restora waweke menyu ya watalii kwa bei iliyopangwa. Toka pale desturi ikakaa, ikawa chakula cha mufanyakazi. Kwa bei moja unapata sahani ya kwanza, kwa mufano supu au dengu, sahani ya pili, samaki au nyama, mukate, kinywaji, na kitu kitamu au kahawa mwishoni. Wakati wetu bei ilikuwa euro 10 mpaka 12. Mwenye kujenga nyumba anaketi na viatu vyake vya udongo, dereva wa kamio kubwa anaketi pembeni, mwanasheria anaketi nyuma yao. Wote wanasoma ubao mumoja. Hakuna anayeuliza bei kwa sauti ndogo kwa kuogopa haya. Bei iko pale mulangoni, unaisoma kabla ya kuingia.

Ni jambo zuri. Lakini fanyeni hesabu pamoja nasi. Wengi wetu, bila makaratasi, tulilipwa euro 30 mpaka 40 kwa siku, na hazikuwa siku zote za juma. Menyu ya euro 10 ni robo ya siku au zaidi, umeinama ndani ya joto la plastiki. Bado kitanda, bado telefone, bado deni la safari, bado mama anayengojea hapa Kamina. Kwa hiyo tulikula chumbani, watu saba kwa sufuria moja, wali na mayai, siku nyingine wali na vitunguu. Kuna mwenzetu aliyefanya kazi kule miaka miwili akaketi kwenye meza ya restora mara tatu. Anazikumbuka zote kwa tarehe.

Iko njia nyingine ya kula, nayo wanaiita tapa. Almería, Granada na Jaén, ukiagiza kinywaji unaletewa pamoja nacho kisahani cha chakula bila kuongeza pesa: samaki wadogo wa kukaanga, nyama kidogo na mukate, viazi. Mu baa nyingi za Almería unachagua wewe mwenyewe. Granada mara nyingi mwenye baa ndiye anachagua. Ukienda Sevilla ao Málaga, kwa kawaida kisahani unakilipia. Hatukujua tofauti hiyo. Mumoja wetu alienda Málaga kutafuta kazi, akaagiza visahani vinne akifikiri ni zawadi. Alipoona karatasi ya malipo alikaa kimya muda murefu.

Juu ya hiyo karatasi, mucheke kidogo sasa, kama komite ilivyotaka. Kule hakuna anayekuletea hesabu mpaka uiombe. Kwao ni heshima: meza ni yako, kaa. Sisi hatukujua. Siku ya kwanza tulimaliza kula, tukangojea. Nusu saa, saa nzima. Serveri anapita, anatabasamu, anaenda zake. Mwenzetu mumoja akasema kwa Kiluba tuondoke pole pole, hakika yule mutu ameenda kuita polisi, anatuchelewesha tu. Jasho likatutoka. Mwishoni mzee wa meza ya jirani alielewa. Akainua mukono, akafanya kama anaandika hewani, akasema, "La cuenta." Tulijifunza maneno hayo mbele ya kujifunza "habari ya asubuhi".

Na siku nyingine tuliletewa supu ya tomati iliyo baridi kabisa. Tukamwomba serveri aipashe moto. Alicheka mpaka akamwita mupishi. Supu hiyo ni gazpacho, na inanywewa baridi. Zamani ilikuwa chakula cha watu wa mashamba: mukate mukavu, vitunguu saumu, mafuta, siki na maji, vimetwangwa ndani ya kinu. Tomati ziliingia baadaye, maana zilitoka Amerika, kama vile mahindi na mihogo ya bukari yetu vilivyotoka Amerika. Almería wako pia na migas. Wanatia unga wa ngano kwenye kikaango pamoja na maji, mafuta na vitunguu saumu, wanageuza na kugeuza mpaka unakuwa chembe chembe. Ni kama bukari uliokataa kushikana. Wanaupenda sana siku ya mvua, pamoja na sardini. Tulipouona tulijua hapa tuko kwa watu waliolima, watu waliojua njaa. Leo migas imeandikwa kwenye menyu ya restora bila haya yoyote.

Sasa mulango. Mwezi wa pili wa mwaka 2000, mu muji wa El Ejido, watu walishambulia Wamoroko siku kadhaa, wakavunja nyumba, maduka na baa zao. Sisi hatukuwa pale wakati ule, lakini habari hiyo hupokelewa na kila anayefika. Ndiyo sababu mbele ya kuingia tulichungulia kwanza dirishani kuona kama ndani kuna mutu mweusi hata mumoja. Kuna baa, hatutaitaja jina, ambayo tulisimama mbele ya kaunta dakika ishirini na hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Na kuna restora ndogo ya barabarani ambayo mama mwenye nyumba, alipoona tumeagiza sahani moja kwa watu wawili, alileta sahani mbili akaandika moja. Tunasema yote mawili ili musibebe nusu ya habari.

Mahali tulipokula vizuri kuliko pote ni Roquetas de Mar, kwa mama mumoja Musenegali aliyepika wali na samaki chumbani mwake na kuuza sahani. Meza moja, viti sita, wengine wamesimama ukutani. Pale hakuna aliyeuliza makaratasi. Mutu aliyefika jana kutoka baharini alikula kwanza, kulipa baadaye, akipata kazi. Tulisikia Kiwolofu, Kibambara, Kifaransa, na siku moja tukasikia Kiswahili chetu cha Katanga. Tukalia wote, wanaume wazima, mbele ya wali.

Ndugu, tumefika kwenye ile picha. Tulisema tuliiona. Hatujasema kwamba sisi pia tuliipiga.

Ilikuwa siku ya Mungu, kando ya bahari. Tulikuwa wanne. Tulichanga, tukaagiza bia nne na sahani moja ya kosa-kosa. Walikuwa minane, wawili kwa kila mutu. Mbele ya kugusa chakula tulibadilishana kiti. Kila mumoja aliketi mbele ya sahani ile ile, akapigwa picha peke yake, akainuka, mwingine akaketi. Picha nne, sahani moja. Jioni tulizituma Kamina. Hatukuandika uongo hata neno moja. Tuliacha picha iseme uongo kwa ajili yetu.

Mudogo wa mumoja wetu aliiona. Aliuza baiskeli ya baba yake na telefone yake, akaondoka. Alifika Moroko. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa karibu na Nador. Toka siku ile hatujasikia sauti yake. Mama yake yuko pamoja nasi ndani ya sala hii. Tulimwomba ruhusa kusema hivi, naye akatujibu, "Museme. Mimi niko nabakia na picha tu."

Kwa hiyo tunaleta maneno mawili mbele ya mukutano.

La kwanza ni kwa sisi wenyewe na kwa ndugu zetu waliobaki kule. Anayetuma picha ya meza atume na hesabu yake: sahani ilikuwa bei gani, walikula wangapi, ilikuwa kazi ya siku ngapi. Hatukatazi mutu kufurahi. Mutu aliyeteseka ana haki ya kuketi siku moja na kula samaki. Lakini kijana wa hapa ana haki ya kusoma ubao mbele ya kuingia.

La pili ni juu ya mufuko wa chama. Munajua gare yetu. Kamina iliitwa muji wa treni tangu reli ilipotoka Bukama kwenda Ilebo mwaka 1928, na mpaka leo wasafiri wanalala pale siku nyingi wakingojea. Wanakula mikate wakiwa wamesimama, wanauziwa kwa bei inayobadilika kufuatana na sura ya mutu. Na ndugu anayerudi kutoka mbali anashukia pale pale, akiwa mikono mitupu, akiogopa kuingia kwao mbele ya usiku ili majirani wasimwone.

Tunaomba pesa zilizobaki za likelemba ya mwaka huu, pamoja na musaada wa wafadhili, zifungue restora ndogo karibu na gare. Viti kumi na viwili. Sahani moja kwa siku: bukari na samaki wa Upemba, ao sombe na maharagi siku ambayo samaki hakufika. Maji ya kunawa na maji safi ya kunywa viwe ndani ya bei. Bei iandikwe kwa choki mulangoni, moja kwa askari, kwa mama wa soko na kwa musafiri. Ba mama wane wa chama watapika kwa zamu na watalipwa kila juma, si kwa ahadi. Daftari la hesabu litasomwa hapa kila mwisho wa mwezi, na nakala itaenda kwa wafadhili hata kama mwezi umekuwa mubaya.

Na kiti kimoja kiwe cha mutu anayerudi. Siku anayoshuka, ale bila kulipa, ameketi, muchana, mbele ya watu. Tusimwulize alileta nini. Tumwulize kama ameshiba, kisha mumoja wetu amsindikize mpaka kwao.

Tukikubaliana, tupige kura leo mbele ya kutoka. Mama yake na yule mudogo wetu ameomba zamu ya kwanza ya kupika.