Dizeli ya Msimu wa Kupanda

Msikilizaji, ukitaka kujua enzi ya mafuta imefika wapi, usianzie kwenye mikutano ya tabianchi, wala kwenye pikipiki za umeme za Nairobi. Anzia Chepsaita, upande wa Turbo, mwezi wa Machi, mvua ikinukia na kila mwenye shamba yuko kwenye simu anamsaka mtu wa trekta.

Nchi nzima inaijua Chepsaita kwa mbio za nyika. Sisi wa Uasin Gishu tunaijua pia kwa mahindi na maziwa. Na hayo mazungumzo ya kumsaka mtu wa trekta yana mtindo wake. Unauliza ekari ni pesa ngapi. Anataja. Unalalamika kidogo, unamtajia jirani aliyelimiwa juzi kwa bei nafuu. Anakusikiliza hadi mwisho, halafu anakujibu neno moja tu: dizeli. Hapo huna la kuongeza, maana bei ya dizeli hakuipanga yeye. Tumeisikia sote tarehe 14, mamlaka ya kawi, EPRA, ilipotangaza bei za mwezi. Ndani yake mna bei ya soko la dunia, mna nguvu ya dola, mna VAT iliyoruka kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na mna ada ya barabara iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Na trekta lenyewe, zingatia, kazi yake kubwa haiko barabarani.

Maoni yangu leo ni kwamba tunapojisifu kuwa tunaachana na mafuta, tumeanzia palipokuwa rahisi. Tumeanzia kwenye taa, shamba tukaliacha nyuma.

Kwenye taa tumefanya vizuri, lazima tuseme. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria ilianza kuzalisha mwaka 1981, kabla dunia haijaanza kuhubiriana habari za kawi safi. Loiyangalani kuna mitambo ya upepo ya megawati 310. Na hapa kwetu, ukipita upande wa Kesses, utaona mabamba ya jua yamelazwa mahali ambapo ungetarajia mahindi. Kuna mataifa tajiri yanayotamani hesabu kama hiyo.

Sasa tazama kinachofanyika na stima hiyo. Bomba la mafuta lililofika Eldoret mwaka 1994 likitokea pwani hupandisha petroli na dizeli kutoka usawa wa bahari hadi kwenye baridi yetu hii, mita zaidi ya 2,000 juu, na pampu zake hutumia umeme. Yaani mvuke wa Olkaria unasaidia kumpandishia mkulima wa Chepsaita dizeli mlimani. Kutoka hapo malori ya mafuta yanaendelea na safari kupitia Turbo hadi Malaba, Uganda na kwingineko. Bomba la kwenda Kampala tumeahidiwa tangu enzi za kampuni ya Tamoil ya Libya, na malori bado yapo.

Wapo wanaosema subirini, mafuta ya Turkana yanakuja. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza kwamba kampuni ya Tullow imeyapata pale kisima cha Ngamia 1. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyabeba kutoka Lokichar kupitia Kitale na Eldoret, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa. Tullow imeshafungasha virago na kuiuzia kampuni ya Gulf Energy mali yake. Lakini mafuta ghafi hayaingii kwenye tangi la trekta. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Hata Lokichar ikitoa mapipa kila siku, yataondoka yakiwa ghafi, nasi tutanunua dizeli kutoka Ghuba kwa bei ile ile wanayonunulia wengine.

Utegemezi huo ulituumiza kweli mwaka 2022. Mwezi wa Aprili, serikali ikiwa na deni la ruzuku kwa kampuni za mafuta, vituo vilikauka na foleni zikajaa Eldoret. Watu wa mjini wanazikumbuka foleni. Huku mashambani trekta haliendi kupanga foleni. Dizeli yake hufuatwa kwa boda boda, mtungi wa lita 20 umefungwa nyuma kwa mpira, na kijana anarudi baada ya saa nyingi mtungi ukiwa mtupu. Na mvua haimngoji mtu.

Msimu ule ule mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Hapa kuna mafuta ambayo wengi hatuyahesabu kama mafuta. Naitrojeni tunayoyapa mahindi yakifika magotini hutolewa hewani, lakini haishikiki mpaka iunganishwe na haidrojeni iwe amonia, na kwa kawaida viwanda huipata haidrojeni hiyo kutoka kwa gesi asilia. Gunia la mbolea ya CAN ni gesi ya Urusi au ya Ghuba iliyogeuzwa punje. Ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine, mtu wa Turbo alipunguza ekari. Serikali iliingilia, mfuko ukashuka hadi 3,500, kisha 2,500. Tunashukuru, ila ruzuku ni pesa yetu wenyewe tunayoilipia gesi ya watu.

Je, haidrojeni hiyo haiwezi kutolewa kwenye maji kwa kutumia umeme? Inaweza, na kwa kiwango kidogo imeshajaribiwa hapa nchini. Karibu na Naivasha, katika shamba la Morendat la kampuni ya Kenya Nut, kumefungwa mtambo wa kampuni ya Talus unaotumia jua, uliopangiwa kutengeneza tani moja ya amonia kwa siku. Ule mradi mkubwa wa Olkaria uliotiwa saini na Fortescue ya Australia mwaka 2022 tumeuona kwenye picha za viongozi wakipeana mikono, mbolea yake bado. Mimi ningetaka kuona mitambo mitano midogo kama ule wa Naivasha kabla ya kuona picha nyingine moja. Isitoshe, amonia haiwezi kutupa fosfeti iliyomo kwenye DAP. Hiyo huchimbwa mwambani, nasi tutaendelea kuiagiza.

Na trekta je? Hapa sitakudanganya. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu uniti 10 za stima. Injini hupoteza kama theluthi mbili kwa joto, kwa hiyo zinazofanya kazi ni uniti 3 hivi. Trekta la kukodishwa likinywa lita 80 tangu alfajiri hadi giza, utahitaji betri ya uniti zaidi ya 200, mara nne au tano ya betri ya gari dogo la umeme. Na siku za kulima ni chache, halafu chombo kinakaa. Nani atamkopesha kijana wa trekta pesa za betri kama hiyo? Dizeli ya kulima itakuwa nasi kwa miaka mingi, na anayeahidi vinginevyo labda hajawahi kushika usukani wa trekta.

Lakini kuna dizeli nyingine inayoweza kuondoka hata kesho. Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku stima haitoshi, na baadhi ya sehemu huzimwa. Saa hizo ndizo maziwa ya jioni yanapoingia. Mtungi wa kupozea ukizimika, chama cha ushirika kinawasha jenereta, na gharama yake inakatwa kwenye malipo ya mkulima, au maziwa yanalala yakiwa moto na asubuhi yanakataliwa. Kazi ya kupoza inaweza kufanywa mchana, jua likiwaka: unagandisha barafu saa nane, unapozea maziwa saa moja usiku. Betri kubwa haihitajiki.

Halafu kuna kinu cha posho. Nguzo zimepita mbele yake, nyingine zimekatwa kutoka mikaratusi ya kaunti hii hii, lakini waya uliofika ni wa kuwasha balbu na kuchaji simu. Mota ya kinu kikubwa inataka fezi tatu. Kwa hiyo injini ya dizeli inaendelea kunguruma chini ya waya wa stima, na mama mwenye debe la mahindi analipia.

Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi, na wananchi wanapaswa kusikizwa. Kikao cha kuwasikiza kikiitishwa upande wetu, tutaletewa habari za taa za mulika mwizi sokoni. Ni nzuri, tuzikubali. Kisha mtu wa Chepsaita ainue mkono aulizie mtungi wa maziwa na fezi tatu za kinu, na asikae chini mpaka atajiwe mwaka.