Vikwazo na Ulinzi wa Mitambo ya Nyuklia Vitani: Mafunzo ya Ukanda wa Maziwa Makuu

Mtambo wa umeme wa nyuklia hauwi salama kwa kuzimwa tu. Fueli yake huendelea kutoa joto hata kinu kikiwa kimesimama. Joto hilo huondolewa kwa maji, maji husukumwa na pampu, na pampu zinahitaji umeme. Adui halazimiki kukipiga kinu chenyewe: akikata nyaya, akibomoa bwawa la maji ya kupozea au akiwatisha mafundi, hatari ni ileile. Mabomu nayo hayawezi kuwa adhabu ya kosa hilo, maana yakianguka jirani na mtambo yanaongeza balaa linalokimbiwa. Ndiyo sababu vikwazo vya uchumi, safari na silaha vinatajwa kuwa kinga.

1. Sheria zilizopo

Ibara ya 56 ya Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza kushambulia mabwawa, kingo za maji na mitambo ya umeme wa nyuklia pale shambulio litakapofungulia nguvu za maangamizi kwa raia. Katazo hilo lina mwanya: kinga huondoka iwapo mtambo unalisha vita kwa umeme moja kwa moja, na hakuna njia nyingine ya kukomesha msaada huo.

Afrika ina sheria kali zaidi. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, unazikataza nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, kushambulia mtambo wowote wa nyuklia barani, au kusaidia na kuchochea shambulio hilo. Hata hivyo, mvunjaji hakupangiwa adhabu. Lalamiko hupitia Tume ya Afrika ya Nishati ya Nyuklia, na linaweza kufikishwa Umoja wa Afrika na hatimaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

2. Uzoefu wa ukanda

Afrika Mashariki haina mtambo wa umeme wa nyuklia, lakini inajua vita vinavyofika mlangoni pa mitambo ya umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umetumia umeme unaotoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, na chimbuko kuu la umeme wa Uganda lilikuwa bwawa la Owen Falls, Jinja. Mwezi Aprili 1979, katika vita vya Tanzania na Uganda, jeshi la Tanzania lililiteka bwawa hilo likiwa zima. Daraja la Kyaka halikuwa na bahati hiyo: majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalikwisha kulivunja Novemba 1978.

Vita hivyo vina funzo pia kuhusu vikwazo. Oktoba 1978 Marekani ilipiga marufuku biashara na Uganda. Pigo kubwa lilikuwa kwenye kahawa. Mwezi huohuo majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Marufuku hayo yalikuwa adhabu ya ukatili dhidi ya Waganda. Hayakumwambia Amin atapoteza nini zaidi akivuka mpaka.

Nchini Kongo, Agosti 1998, waasi pamoja na askari wa Rwanda waliteka bwawa la Inga na kuikatia Kinshasa umeme. Pampu za maji na hospitali zikaathirika. Siku chache baadaye mapigano yalifika viunga vya Masina na Ndjili, katika jiji ambalo chuo kikuu chake kilikuwa na kinu cha utafiti wa nyuklia. Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya silaha mashariki mwa Kongo Julai 2003, karibu miaka mitano baada ya Inga.

3. Zaporizhzhia

Mtambo wa Zaporizhzhia nchini Ukraine, wenye vinu sita na mkubwa kuliko yote Ulaya, ulitekwa na Urusi Machi 2022. Vinu vyote vimeacha kuzalisha umeme tangu Septemba mwaka huo, lakini bado vinahitaji kupozwa. Bwawa la Kakhovka, chanzo cha maji yake, lilibomolewa Juni 2023, na mara kadhaa umeme wa nje umekatika, ikabidi majenereta ya dizeli yategemewe.

Ukraine iliwekea vikwazo Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi, Februari 2023. Januari 2025 Marekani iliwawekea vikwazo mkuu wake, Alexei Likhachev, na viongozi wenzake. Ulaya ilisita kuligusa shirika zima, kwa kuwa baadhi ya nchi zake hununua fueli kwake. Baraza la Usalama halingeweza kuchukua hatua, kwa kuwa Urusi ina kura ya turufu.

4. Masharti ya vikwazo vyenye kinga

Kwanza, vitangazwe kabla ya kosa. Kikwazo kinachokuja miaka mitano baadaye huadhibu, hakilindi.

Pili, vifungwe kwenye vitendo vinavyoonekana: kuweka silaha nzito mtamboni, kukata nyaya, kuwazuia wakaguzi. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wamekaa Zaporizhzhia tangu Septemba 2022, hivyo ushahidi unaweza kupatikana bila kutegemea kauli za wapiganaji.

Tatu, viwe na mlango wa kutokea. Anayeondoa askari na silaha mtamboni aondolewe kikwazo husika, hata kama vita havijaisha.

Nne, visiguse usalama wa mtambo wenyewe. Vipuri vya pampu, dizeli ya majenereta na mishahara ya mafundi viachwe vipite.

Tano, gharama kwa nchi za tatu ihesabiwe mapema. Mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, uko chini ya kampuni ya kundi la Rosatom. Kikwazo kwa shirika zima kingegusa malipo ya benki na ajira mkoani humo, Ruvuma, wakati kikwazo kwa wakuu waliotajwa majina huacha kazi hizo ziendelee.